Muulize Fundi: Jina Moja, Nywila Moja, Mashine za Kila Aina

Toleo lililopita nilidokeza tu kwamba ofisi yenye Windows na Linux pamoja inaweza kumpa kila mfanyakazi jina moja na nywila moja ya kuingilia kote. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika kutoka Shimanzi, Likoni, Kisauni, Nyali na Changamwe, na zote zazunguka hapo hapo. Basi safu ya mwezi huu nimeiachia jambo hilo peke yake. Mlioniuliza kuhusu printa, nisubirini. Majina ya walioandika nimeyaficha kama wengi walivyoomba, na barua ndefu nimezikata.

Salaam aleikum Fundi. Ofisi yetu ni ya kutoa mizigo bandarini. Tuna kompyuta 14: tisa za Windows, nne za Ubuntu ambazo kijana aliyekuwa akituhudumia alizipenda kwa kuwa hazisumbuliwi sana na virusi, na Mac moja ya mkurugenzi. Kila mtu ana akaunti kwenye kila mashine anayoitumia, na kila akaunti ina paswadi yake. Karani mmoja amebandika karatasi ya paswadi zake chini ya kibodi. Nilimuuliza fundi mmoja kama naweza kunakili lile faili la paswadi la Windows nikalipeleka Ubuntu, akanicheka bila kunieleza. Nieleze wewe.
Msimamizi wa ofisi, Shimanzi

Waaleikum salaam. Aliyekucheka hakukutendea haki. Swali lako wameliuliza wenye makampuni makubwa kabla yako, tena wakatumia pesa nyingi kulitafutia jibu.

Kunakili haiwezekani, na sababu ni kwamba hakuna hata moja kati ya mashine hizo inayohifadhi nywila yenyewe. Kinachohifadhiwa ni heshi, yaani nywila iliyokwisha kupitishwa kwenye hesabu isiyorudi nyuma. Muhogo ukishasagwa ukawa unga, hakuna wa kuurudisha muhogo. Sasa kila mfumo una kinu chake. Windows husaga kwa hesabu iitwayo MD4, bila kutia chumvi, na heshi zake hukaa kwenye faili la SAM ndani ya System32\config. Ubuntu tangu toleo la 22.04 husaga kwa yescrypt, na ya zamani zaidi kwa SHA-512, ikaweka heshi kwenye /etc/shadow. Tena Ubuntu hutia chumvi: herufi za kubahatisha huchanganywa na nywila kabla ya kusagwa, ndiyo maana watu wawili wenye nywila moja hawatoki na heshi moja. Mac nayo ina hesabu yake ya tatu. Ukichukua unga wa Windows ukaupeleka Ubuntu, Ubuntu itasaga kwa kinu chake, italinganisha, na itakukatalia bila hata kukueleza.

Zamani dawa ilikuwa kuidaka nywila ikiwa bado nzima. Microsoft walikuwa na programu ya kazi hiyo kwa ajili ya Unix, ukoo ambao Linux imefuata nyayo zake. Mtu akibadilisha nywila yake upande wa Windows, seva iliishika kabla haijasagwa, ikaisafirisha ikiwa imefichwa hadi mashine za Unix, na huko programu ndogo ikaisaga upya kwa kinu cha huko. Ilifanya kazi siku ilipopenda. Mashine moja ikiwa imezimwa wakati nywila inapita, yenyewe ilibaki na ya zamani, na kesho yake mtu anaingia huku, kule anakataliwa. Windows Server 2016 ilipotoka, programu hiyo haikuwamo tena. Sikuililia.

Ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia mpaka mnichoke: msisawazishe nywila. Wekeni daftari moja la watumiaji, na kila mashine iwe inauliza hapo. Nakala ikiwa moja, hakuna cha kusawazisha.

Daftari hilo, kwa ofisi yenye Windows nyingi kama yenu, ni Active Directory, iliyokuja na Windows 2000. Ndani yake mna vitu viwili ambavyo Microsoft hawakuvianzisha wao. Kimoja ni LDAP, iliyotoka Chuo Kikuu cha Michigan, na hiyo ndiyo njia ya mashine kuuliza fulani ni nani na yumo kundi gani. Cha pili ni Kerberos, iliyobuniwa MIT miaka ya 1980 na kupewa jina la yule mbwa mwenye vichwa vitatu wa hadithi za Wagiriki. Kerberos ndiyo inayothibitisha kwamba fulani ni fulani kweli, kisha humpa tiketi ya kupita nayo kwenye huduma nyingine, asiulizwe nywila kila mlango. Kwa kuwa LDAP na Kerberos ziko wazi kwa kila mtu, Linux na Mac huingia humo bila vita.

Bei ya leseni ya Windows Server ikiwashinda, ipo Samba. Andrew Tridgell aliianzisha Australia mwaka 1992 kwa ajili ya kugawana mafaili tu, na tangu toleo la 4.0 la Desemba 2012 inaweza kukalia kiti cha Active Directory yenyewe, bure. Kompyuta zenu tisa za Windows zitajiunga nayo zikidhani ni seva ya Microsoft. Kwa ofisi ya watu wachache mashine ya kawaida ya Linux yatosha. Ningependelea ziwe mbili, moja ikizimika nyingine ishike, na zote ziwe kwenye UPS.

Kabla hamjagusa kitu, chagueni jina la kikoa, yaani kundi la kompyuta zote zinazouliza kwenye daftari hilo moja, na msichague linaloishia na .local hata kama fundi wenu atawaapia ndivyo alivyofunzwa. Mac na Ubuntu zikiona .local huchukulia ni mashine ya jirani kwenye mtandao ule ule na huitafuta kwa njia nyingine kabisa. Mtahangaika juma zima na hamtaona kosa liko wapi. Kama kampuni ina tovuti ya .co.ke, tangulizeni neno mbele yake, kwa mfano ofisi.jinalenu.co.ke. Kisha DNS ya kila kompyuta, yaani mahali inapouliza jina fulani lina anwani gani, ielekezwe kwenye seva hiyo. Msiielekeze kwenye ruta, wala 8.8.8.8 ya Google. Kompyuta hujua daftari liko wapi kwa kuuliza DNS, na Google haijui kilichomo ndani ya ofisi yenu ya Shimanzi.

Upande wa Ubuntu mnahitaji programu mbili: realmd ya kuiunga mashine na kikoa, na sssd ya kuuliza daftari. Amri ni realm join ikifuatwa na jina la kikoa, nayo itaomba nywila ya msimamizi. Baada ya hapo fungueni /etc/sssd/sssd.conf, pale penye use_fully_qualified_names muandike False, la sivyo karani atakuwa akiandika jina lake na mkia wote wa kikoa kila asubuhi. Halafu pam-auth-update --enable mkhomedir, ili mtu akiingia mara ya kwanza atengenezewe folda yake ya nyumbani. Hii ya mwisho wengi huisahau: mtu anaandika nywila sahihi, skrini inawaka kidogo, anarudishwa palepale alipoanzia. Lawama zote anabebeshwa yule aliyeandika nywila.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza na litakuuma. Linux haimjui mtu kwa jina, humjua kwa namba. Ubuntu humpa mtumiaji wa kwanza namba 1000, anayefuata 1001. Kama kwenye mashine moja mliandikisha mhasibu kwanza, na kwenye nyingine mkaanza na karani wa forodha, wote wawili ni 1000. Wakikutana kwenye folda ya pamoja ya NFS, njia ya Linux ya kugawana mafaili kwenye mtandao, karani atafungua hesabu za mshahara kama mali yake, na mfumo hautaona ajabu. Mkiingia kwenye daftari moja, sssd hupiga hesabu ya namba kutoka SID ya mtu, kile kitambulisho cha Windows kinachoanza na S-1-5-21, na hesabu hiyo hutoa jibu moja kwenye kila Ubuntu mradi mipangilio ifanane. Lakini mafaili ya zamani yatabaki na namba za zamani. Hayo mtayahamisha kwa chown, amri ya kubadilisha mwenye faili, na mfanye Jumapili ofisi ikiwa tupu.

Majina pia. Lile jina fupi la kuingilia Windows lisipite herufi 20. Huku kwetu Pwani hilo si la mzaha: mwanakombo.abdulrahman ni 22 ukihesabu na nukta. Wekeni kanuni mapema, na iwe herufi ndogo tupu, kwa sababu Windows haibagui ndogo na kubwa ilhali Linux yabagua.

Mwisho, akaunti za KRA msizichanganye na haya. Nywila ya iTax au ya iCMS haimo kwenye daftari lenu na haitakuwamo. Hizo zikae kwenye programu ya kutunzia nywila. Mimi napendelea KeePassXC kwa kuwa faili lake moja hufunguka Windows, Linux na Mac. Ile karatasi ya chini ya kibodi ichomwe.

Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa kompyuta. Maabara yetu ina mashine za ex-UK, nyingine zina Windows na Ubuntu kwenye diski moja, na seva ya Samba nimeiweka kwenye Raspberry Pi 4. Wiki nzima mambo yalikuwa shwari. Leo stima ilipotea, iliporudi mashine kadhaa zinakataa nywila za wanafunzi. Moja imeandika “Clock skew too great”. Na kuna mbili ambazo tangu siku ya kwanza zinawakubali wanafunzi lakini mimi hunikataa, na nywila yangu nimeitia alama kama unavyotuhimiza.
Mwalimu, Likoni

Mwalimu wangu, una magonjwa mawili na umeyaweka kwenye kikapu kimoja.

La kwanza ni saa. Kerberos hupiga muhuri wa wakati kwenye maombi yake, ili mtu aliyenasa mawasiliano yako asiweze kuyarudia baadaye akajifanya wewe. Ndiyo maana kompyuta na seva zikipishana kwa zaidi ya dakika 5, ambacho ndicho kiwango cha kawaida, ombi linakataliwa hata kama nywila ni sahihi. Mashine moja imekuwa mkweli ikakuambia. Nyingine husema tu nywila si sahihi, au hazisemi kitu.

Mashine za ex-UK zimekula miaka yao kabla hazijapanda meli. Betri ya saa kwenye ubao wake, ile CR2032, mara nyingi imekufa. Stima ikiwapo hutajua. Ikikatika, saa inarudi mwaka ambao mashine ilitengenezwa. Fungua, ng'oa, tia mpya. Ni kazi ya bisibisi na subira.

Zile zenye mifumo miwili zina lake. Windows huichukulia saa ya kwenye ubao kuwa ni saa ya hapa. Ubuntu huichukulia kuwa ni saa ya UTC, ile saa ya dunia ambayo nchi zote hupimia zao. Kati ya UTC na saa yetu pana saa 3 kamili. Mwanafunzi akitumia Windows asubuhi, anayefuata akawasha Ubuntu, saa inaruka kwa saa 3 mpaka mtandao uje uisahihishe, na kama mtandao haujarudi, hakuna atakayeingia. Mafundi wengi watakwambia ubadilishe sajili ya Windows, uongeze RealTimeIsUniversal, ili nayo iichukulie saa ya ubao kuwa UTC. Ni sawa, lakini kwa maabara ya Likoni mimi ningeandika timedatectl set-local-rtc 1 kwenye kila Ubuntu nikaenda zangu. Ubuntu yenyewe itakuonya kwamba njia hiyo ina matatizo, na kwa Ulaya wanaosogeza saa mara mbili kwa mwaka ni kweli. Kenya hatusogezi.

Raspberry Pi 4 kuwa seva ya maabara si vibaya, mashine nyingi zimebebwa na kidogo kuliko hicho. Ila Pi 4 haina saa yenye betri kabisa. Stima ikirudi, inaamka haijui ni lini mpaka intaneti iiambie, na wewe unajua intaneti hurudi kwa mwendo wake. Wakati huo mtunza tiketi ndiye asiyejua saa. Ipachike kifaa cha saa kama DS3231, au uhamie Pi 5, ambayo ina saa ndani lakini betri yake hununuliwa kando. Kisha weka chrony, programu ya kusahihisha saa, ichukue wakati kutoka africa.pool.ntp.org, na mashine zote ziichukue kutoka kwa seva. Zikikosea pamoja bado zitaingia. Kerberos haijali ukweli wa saa, inajali makubaliano.

La pili, zile mashine mbili zinazokukataa wewe peke yako. Nitaweka dau kwamba nywila yako ina @. Angalia vitufe vya kibodi hizo: kwenye kibodi ya Uingereza, Shift na 2 hutoa alama ya kunukuu, na @ iko upande wa kulia karibu na Enter. Kwenye mpangilio wa Marekani ni kinyume chake. Ukiwa na kibodi ya Uingereza lakini mfumo umewekwa wa Marekani, au kinyume, kidole chako kinabonyeza palipoandikwa @ na mashine inaandika kingine, na kwa kuwa nywila huonekana kama vidoti, huoni. Wanafunzi wenye nywila za herufi na tarakimu tupu wanapita bila shida.

Kupima ni rahisi. Hakikisha hapana mwanafunzi nyuma yako, kisha iandike nywila yako kwenye kisanduku cha jina. Utaiona kwa macho yako. Ikiwa @ imegeuka, kwenye Ubuntu tumia sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration, na kwenye Windows angalia kona ya chini kulia ya skrini ya kuingilia, hapo ndipo pa kuchagua mpangilio wa kibodi. Futa kisanduku ukimaliza.

Laptopu zetu tatu hazina kabisa mahali pa kujiunga na kikoa. Kuna kijana amesema atazifungulia kwa elfu moja kila moja. Tumpe?
Kisauni

Msimpe. Hizo ni Windows Home, na Home haijiungi na kikoa. Ni Pro kwenda juu. Nunueni leseni ya Pro au mtie Ubuntu. “Kufungulia” kwa namna hiyo mara nyingi ni leseni ya wizi iliyokuja na wageni wake.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mhasibu hotelini. Mac yangu iliunganishwa na kikoa cha ofisi. Wiki iliyopita nilikuwa mapokezi, Windows ikaniambia nywila yangu imekwisha muda, nikaibadilisha palepale. Tangu hapo Mac inaniuliza nywila ya “keychain” kila nikifungua kitu, na nikiiwasha asubuhi inataka nywila ya zamani kwanza. Nimechoka.
Nyali

Marahaba. Pole, lakini Mac yako iko sawa sawa, inafanya ilivyofundishwa. Keychain ni kisanduku ambamo Mac hutunza nywila zako za barua pepe, Wi-Fi na tovuti, nacho hufungwa kwa nywila yako ya kuingilia. Ulipoibadilisha kwenye Windows, daftari la ofisi lilijua, kisanduku hakikuambiwa. Hakuna aliyekuwapo na ile nywila ya zamani ya kukifungua ili kifungwe upya kwa mpya. Mac ikikupa nafasi ya kukisasisha, ikubali na uiandike ya zamani mara moja. Kama huikumbuki, itabidi uanze kisanduku kipya na vilivyokuwamo vimekwenda. Hayo ya asubuhi ni FileVault, inayofunga diski nzima: nayo hufunguliwa kabla Mac haijafika mtandaoni, kwa hiyo haina wa kumuuliza.

Siku zijazo badilisha nywila ukiwa kwenye Mac yenyewe, ndani ya mtandao wa ofisi. Lakini kwa kusema kweli siku hizi mimi siungi tena Mac kwenye kikoa kwa njia ile ya zamani. Tangu macOS Catalina ya 2019 Apple wana nyongeza ya Kerberos: akaunti ya Mac inabaki ya Mac, na nyongeza hiyo huilinganisha nywila yake na ile ya Active Directory na kukuletea tiketi kimya kimya. Inahitaji programu ya usimamizi wa vifaa, ile ya MDM, kwa hiyo mwambie mtu wako wa IT, wewe usijitese. Na mkurugenzi wa Shimanzi, jibu lake ni hilihili.

Fundi, kila siku ya kazi kama saa mbili na robo asubuhi akaunti yangu inajifunga, na mimi bado nipo ngazini. IT wanasema nakosea nywila. Sijakosea, sijafika hata kitini!
Mwenye hasira, Moi Avenue

Simu yako imefika kabla yako. Ulibadilisha nywila hivi karibuni, na Wi-Fi ya ofisini inatumia akaunti ile ile. Simu bado ina nywila ya zamani. Ukipita mlangoni inaona Wi-Fi, inajaribu, inakataliwa, inajaribu tena, na seva ikihesabu makosa yakafika kikomo, inakufungia wewe. Isahaulishe mtandao huo kisha uiunge upya.

Ikiwa si simu, waambie IT waache kubahatisha. Kwenye seva ya Active Directory kila akaunti ikifungwa huandikwa tukio namba 4740 kwenye kumbukumbu za usalama, na ndani yake mna jina la mashine iliyosababisha. Wasome hilo jina. Mara nyingine ni kompyuta ya chumba cha mkutano ambayo hukujitoa. Mara nyingine ni folda ya mtandao iliyohifadhiwa na nywila ya mwaka jana. Na ofisi moja hapa mjini mkosaji alikuwa ni mashine ya fotokopi: aliyeifunga alitia jina na nywila ya mhasibu ili iweze kutuma skani kwenye folda, mhasibu akabadilisha nywila, na kila mtu alipokuja kuskani kitambulisho, mhasibu alifungiwa akaunti. Fotokopi ipewe akaunti yake, isiyoweza kitu kingine ila kuandika kwenye folda moja.

Mkubwa wetu ataka nywila za wafanyakazi wote ziandikwe kwenye daftari likae kabatini mwake, na kila mwezi zibadilishwe. Nimjibuje tusigombane?
Go-down, Changamwe

Muulize kwa heshima anaogopa nini. Nina hakika atakwambia: mtu akiugua au akiacha kazi ghafla, kazi itakwama kwenye kompyuta yake. Woga huo ni halali, na dawa yake ipo bila yeye kujua nywila ya mtu. Kazi za ofisi zikae kwenye folda ya pamoja kwenye seva, na msimamizi anaweza kumwekea mtu nywila mpya wakati wowote. Tofauti ni kwamba msimamizi akifanya hivyo mwenyewe atajua, kwa sababu ya zamani haifanyi kazi tena. Mwenye daftari la kabatini anaingia kwa jina la mtu na hakuna anayejua.

Hapo mtajie sheria, ana mizigo ya wateja na vitambulisho vyao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya 2019, na taarifa za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna wa Data anatakiwa aarifiwe ndani ya saa 72. Swali la kwanza mtakalojiuliza ni nani aliyezifungua. Kama nywila zote zimo kwenye kabati moja, au watu watano wanaingia kwa jina la “reception”, hamtakuwa na la kujibu.

Kubadilisha kila mwezi usikatae kwa ukali, muulize tu yeye mwenyewe anafanyaje. Atakuwa na Mombasa1, mwezi ujao Mombasa2. Watu wote hufanya hivyo. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kwenye mwongozo wake wa 2017 ilishauri watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa ratiba, ila pale tu inaposhukiwa imevuja. Active Directory ya Microsoft na ya Samba zote mbili zikitoka mpya huweka siku 42, na wengi hawajui kwamba inaweza kuondolewa. Kwa Samba ni samba-tool domain passwordsettings set --max-pwd-age=0, na kwa amri hiyo hiyo pandisha urefu kwa --min-pwd-length=12. Nywila ndefu ya maneno manne anayoyakumbuka mtu mwenyewe inashinda fupi yenye alama za kumtoa jasho.

Na kwa kuwa anawaogopa wanaoondoka, mwonyeshe hili, nadhani ndilo litakalomridhisha. Mtu akiacha kazi, amri ni moja, samba-tool user disable na jina lake, na hapo amefungiwa Windows, Ubuntu, folda na Wi-Fi kwa mpigo. Hamzunguki kompyuta moja moja mkijiuliza ipi mmeisahau.

Isipokuwa laptopu aliyokwenda nayo nyumbani. Windows huwakumbuka watu 10 wa mwisho walioingia, ili stima au mtandao ukipotea kazi iendelee, na sssd kwenye Ubuntu hufanya vivyo hivyo, tena bila kikomo cha muda usipokiweka. Kwa hiyo akiwasha mbali na mtandao wenu, bado atapokewa. Kwenye sssd.conf, chini ya [pam], andika offline_credentials_expiration = 3, na baada ya siku 3 bila kuonana na seva itamkataa. Kwa upande wa Windows hakuna hesabu ya siku, kwa hiyo laptopu irudi mezani kabla hajasaini malipo yake ya mwisho. Hilo mwachie mkubwa, atalifanya kwa furaha.

Printa ni toleo lijalo. Na tafadhalini, mnaponiandikia msinitumie nywila zenu mkidhani ndiyo nitawasaidia haraka. Mmoja wa Bamburi amenitumia zote, hadi ya benki. Ndugu yangu, barua yako nimeifuta. Badilisha nywila hizo leo, ukianza na ya benki.